Alama za Makaa

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto
vinapanda ukuta
kama watu wanaotoka soko la Kadutu na mizigo,
hatua, pumzi, hatua.
Upande huu titi halipo tena.
Kovu linavuta kama uzi uliokazwa na fundi mwenye haraka.
Kinezi wa hospitali alinionyesha mara moja tu:
"Mama Nsimire, mkono usipoutuma utalala,
na ukilala utakusahau."

Panapouma nasimama.
Mjukuu wangu Cito anachora kwa kaa la jikoni
mstari mfupi juu ya ncha ya kidole.
Ukuta huohuo tulimpimia kimo chake siku ya Noeli.
Sasa tunakua wawili, yeye na bega langu,
naye ananishinda.

Baada ya dozi ya tatu ulikuja uchovu mwingine.
Si ule wa jembe, unaokwisha kwa uji na usingizi.
Huu ulilala nami, ukaamka kabla yangu,
nikaukuta umekwisha kuvaa viatu vyangu.
Majirani: "Apumzike, jamani. Mgonjwa hutembezwa?"
Mama mkwe akaficha kandambili.
Nikatoka peku.

Siku ya kwanza, mlango mpaka bomba:
hatua thelathini na moja, nikaketi juu ya bido la mtu.
Siku ya tisa, mpaka kwa muuza sambaza;
harufu ikanigeuza tumbo, nikarudi mbio.
Nasema mbio, nacheka.
Bukavu haina tambarare ya kumhurumia mtu:
ama unapanda, ama unashuka,
na ukishuka ujue umekopa.

Nimepona? Sijui. Daktari naye anasema tungoje.
Lakini usiku miguu haiwaki moto kama zamani,
na bugali ya jana niliila mpaka nikaparuza sahani.
Ziwa nimeliona kutoka juu ya ngazi,
Cito akihesabu kwa Kifaransa cha darasa la pili,
akipotea hesabu makusudi
ili tusimame, aanze tena.

Leo mvua. Mkono umevimba,
mzito kama kikwembe kilicholowa.
Vidole vimepanda, vimegoma
chini ya alama ya jana.
Chini ya alama ya juzi.
Cito ameshika kaa, ananitazama.
"Na hii nichore?"

Chora.