Wanja Unaoishia Jichoni

Kazi yangu ni shilingi kumi, karatasi na ufunguo.
Nakaa mlangoni pa choo cha bustani, Nakuru mjini,
nakata stakabadhi,
na nyuma ya nakala zinazobaki kwangu
naandika ndege.

Tarehe tatu Oktoba: mbayuwayu, wengi mno,
wamejipanga kwenye waya wa stima kama vibanio vya nguo.
Tarehe tisa: keremkerem, kumi na saba hivi, juu sana.
Sikuwaona vizuri, niliwasikia,
sauti kama maji yanayochemka ndani ya kibuyu.
Tarehe kumi na moja: hakuna. Mvua. Na mtu amevunja sinki.

Jerotich wa gredi ya nane, apitaye hapa akienda shule,
aliniambia huko watokako ndege sasa ni vuli.
Nikamwambia hata hapa ni vuli.
Akasema hapana, vuli ya huko miti hupukutika
na watu huvaa sweta.
Nikamwonyesha sweta langu.
Nikamwonyesha na maua ya mjakaranda
niliyokuwa nimeyafagia tangu alfajiri, ndoo mbili.

Basi. Tarehe kumi na tisa, saa moja na robo asubuhi,
kabla ya mteja wa kwanza,
mjakaranda wa langoni umechanua bila aibu,
na katikati ya zambarau ile
kitu cha manjano kikahama tawi.

Kubwiro. Lakini kubwiro gani?
Wa kwetu hupaka wanja ukalipita jicho, ukaenda nyuma,
kama bi harusi aliyepambwa na shangazi asiyejua kuacha.
Mgeni, wanja wake huishia jichoni,
na bawa lake ni jeusi, jeusi la masizi ya sufuria.
Huyu bawa lilikuwa jeusi.
Jicho sikuliona.
Jicho lilikuwa upande wa Menengai.

Nikamwita Otachi mpiga picha.
Zamani Krismasi ilikuwa yake:
familia kutoka Kaptembwo, viatu vipya, soda mkononi,
foleni hadi barabarani.
Siku hizi kila mtu ana simu,
na Otachi hupiga picha za pasipoti tu,
nyuso za watu wanaotaka kwenda.

Alikuja mbio, kamera ikimgonga kifuani.
Akapiga moja. Ya pili, betri ikakata.
Kubwiro akashuka tawi moja, akala kiwavi,
akapiga mbinja kama mtu anayemwita mwenzake kwa adabu,
akaondoka kuelekea ziwani,
au juu ya ziwa, au kupita ziwa,
kwa wanaojua ramani.

Picha ipo, ninayo.
Maua tele, waya wa stima, na ukingoni
doa la manjano lisilo na kichwa.
Jerotich anasema hiyo haihesabiki.
Otachi anasema inahesabika, na ni shilingi mia na hamsini.
Mteja wa kwanza, mwanamume mwenye haraka,
hakutazama juu. Alisema: "Mama, ufunguo."

Nyuma ya nakala nambari mia nne na kumi na mbili nimeandika:
Kubwiro, mmoja. Bawa jeusi. Jicho halikuonekana.
Labda yule wa mbali.
Nikalifuta "labda."
Jioni, nikihesabu sarafu, nikalirudisha.

Sijui alilala wapi usiku wa kuamkia siku ile.
Sijui kama bahari aliivuka kwa hasira au kwa mazoea.
Ninachojua ni kwamba kati ya miti yote
iliyo chini ya njia yake ndefu
alichagua huu,
wenye bango la mganga wa mapenzi lililopigiliwa misumari minne,
akakaa robo saa,
akala,
na hakulipa.

Tarehe ishirini: hakuna.
Nilifika saa kumi na mbili kasorobo.