Sikio la Khatibu

Wete, juu ya duka la vitambaa,
feni inazunguka, inakohoa.
Bi Mize kaweka picha mbili mezani:
moja ya harusi ya Zuwena, Jumapili iliyopita,
nyengine ndogo, ya skuli, ya Khatibu,
muhuri wa buluu umemkalia begani.
"Mtie hapa," kasema, "ubavuni mwa dada yake.
Angekuwapo, hapo ndipo angesimama."

Nikamzungukia kwa kipanya,
mstari wa vidoti ukamtambaa
kama sisimizi walioona sukari.
Nikamtoa. Nikamweka.
Loo! Kingo kali, karatasi ya wembe,
kijana kabandikwa harusini
kama tangazo la mgombea ukutani.

Nikalainisha. Pikseli mbili: bado.
Tano: shati linaanza kuungana na pazia.
Kumi na mbili, subhana,
moshi wa udi una umbo kuliko yeye;
nikarudi upesi kabla mama hajainua macho.
Nne, basi.
Nywele nikazipitia moja moja, muhuri nikaufuta,
kisha nikaiamrisha programu
iusawazishe ukingo mzima:
mabonde yajae, vilima vishuke.
Ikatii. Hakuna tena pa kukwaruza jicho.

Nikamgeuzia kioo, najisifu moyoni.
Bi Mize akavaa miwani.
Kimya. Feni.
"Hilo sikio la nani?"

La Khatibu, mama.

"La Khatibu lina pengo.
Seng'enge ya Mtambwe ilimla nyama,
ana miaka sita, anaiba mashokishoki.
Nililifunga kwa khanga yangu mwenyewe.
Nalijua."

Sikuwa na la kusema. Pengo nililiona,
nikalidhani kosa la mkato,
pengine mkono ulitetemeka, pengine picha imechakaa.
Nikarudi nyuma hatua kumi na saba,
nikalichonga upya, tone kwa tone,
na hapo, hapo tu, nikauacha ukali.

Akalitazama mpaka umeme ukapepesa.
"Sasa msogeze kidogo kwa Zuwena.
Mwanya huo, watu watadhani wamegombana."

Nikamsogeza. Bega likagusa bega.

"Na wakigombana hasa," akasema,
anafungua fundo la khanga kutafuta pesa,
"kila siku ya Mungu."