Daftari la Ukwaju

Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita,
gamba jekundu, pale Mwembe Tayari,
nikajiambia: humu sitaandika hesabu.
Hesabu zilikuwa zimeshanishinda.
Kibanda changu cha maji ya ukwaju, Majengo,
kilifungwa mwezi wa Shaabani,
friji ikachukuliwa na mwenye friji,
nikabaki na mabirika matatu
na ulimi uliozoea kusema
"Utalipa kesho, hakuna neno."

Nikatoka kuwauliza waliofika.

Bwana Taherali ana maduka matatu ya misumari.
"Uaminifu ndio mtaji," akanambia,
nami nikaandika, nikapiga mstari chini yake.
Alipokuwa akisema aliinama,
akaokota msumari uliopinda,
akaugongagonga juu ya chuma hadi ukanyooka,
akautia, si katika ndoo ya mipya,
bali katika mkebe mwengine, wa nusu bei.
Hilo sikuliandika.
Mstari nilikuwa nimeshaupiga pasipo pake.

Bi Khaula, mtaa wa Biashara,
alinikalisha juu ya robota la leso,
akaniagizia kahawa chungu.
"Siri?" akacheka. "Leso niliyoichukia mimi,
ya manjano, rangi ya ndwele,
ndiyo iliyoniezekea ghorofa ya pili.
Nilitaka kuirudisha ilikotoka.
Akaja mwanamke wa Likoni, ana harusi,
akabeba doti kumi.
Tangu siku hiyo, mwanangu, jicho langu nimelistaafisha."
Usiku, kitandani, nikawakumbuka wateja wangu
walioniomba nipunguze sukari,
nami nikiwajibu kwa kiburi
kwamba ukwaju wa mamangu ndivyo ulivyo.

Kahindi Ngumbao nilimpata Kongowea, saa tisa za usiku,
lori la nazi likishushwa.
Nikamuuliza huamka saa ngapi.
"Mimi? Sijalala.
Wakubwa watakwambia waliamka alfajiri;
hawatakwambia nani aliyewakorogea uji.
Andika jina la mke wangu, Dama.
Andika na hili: nilifilisika mara mbili,
kisha serikali ikapitisha barabara
mbele ya kiwanja nilichoshindwa kukiuza.
Hiyo nayo utaiita bidii?"
Nazi zilikuwa zikihesabiwa tano tano, kwa sauti,
na kila zikitimu mia
kijana mmoja akitia kokoto koponi.
Kalamu yangu ikasimama.

Nikarudi kwa miguu, daraja la Nyali,
jua likinichomoza mgongoni.
Hawakunidanganya.
Ila nilichokifuata kilikuwa kikitendeka chini ya maneno,
mikononi,
na macho yangu yalikuwa kwenye karatasi.

Utotoni, dukani kwa Mzee Shali,
palikuwa na maandishi ukutani:
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Niliyasoma kila nikitumwa chumvi,
nikidhani ni pambo tu,
kama saa iliyosimama kando yake.

Haya basi. Nimeligeuza daftari, nimeanza kwa nyuma:
ukwaju, kilo mbili;
sukari, robo tatu, si kilo nzima tena;
barafu;
mabirika matatu, yangu.
Mfukoni, shilingi mia nane na hamsini.
Kisha mstari ulionitetemesha mkono:
Mama Nasra wa ghorofani,
glasi thelathini na moja, tangu Rajabu.

Ni mtu mwema. Alinifulia nguo nilipougua.
Kufua kule nako nimekuandika, upande wa pili,
na sijui bei yake.

Sijui kama hii ndiyo njia ya kufaulu,
wala kama nitafika popote.
Najua ngazi zake ni kumi na nne,
najua nimevaa champali zangu nzuri,
na kwamba haya hii iliyonijaa kooni
imenigharimu kushinda friji.

Hodi, Mama Nasra.