Nane kwa Saba

Chumba kiko chini kabisa ya hospitali, Dundee,
hakina dirisha. Kina zulia jeusi la mita kumi,
kamera nane darini,
na bamba la mizani limefukiwa sakafuni.
Ishbel ananibandika vidoti vinavyong'aa,
kiunoni, pajani, gotini, kifundoni.
"Uniwie radhi, mikono yangu ya baridi."
Namwambia nimekaa hapa miaka thelathini na mmoja,
baridi ya mkono wa mtu haijawahi kunidhuru.

Leo wiki ya kumi na mbili.
Ndani ya nyonga ya kulia nina tufe la kauri,
laini kuliko yai,
walilolisugua watu nisiowajua.

Inuka kitini. Nenda hadi kwenye koni. Geuka. Rudi. Kaa.
Sekunde kumi na nne.
Kabla ya kisu zilikuwa ishirini na tisa.
Anaukunja mguu wangu, anapima pembe kwa rula ya bawaba,
nyuzi tisini na tatu, anaandika.
Kisha karatasi ya maswali:
Mwezi huu umeweza kuvaa soksi mwenyewe?
Kupanda ngazi? Kuingia garini?
Naweka alama. Hakuna swali la msala,
kwa hiyo pembeni naongeza kwa penseli:
nasali kitini, sijda yangu inaishia hewani.

"Sasa tembea kama kawaida."
Ukishaambiwa hivyo, kawaida inakimbia.

Kwenye skrini nikajiona vijiti vitupu,
vya samawati, bila nyama, bila ushungi,
na bado nikajijua, kwa lile bega linaloinama.
Ishbel akaisimamisha picha.
"Wa kushoto unatua, unakaa.
Wa kulia unaunyanyua upesi, kama sakafu ina moto.
Unauma?"
Hauumi.
"Kiungo kizima," akasema. "Mwendo ndio haujapata habari."

Nikamkumbuka shangazi Mwanakombo
akigonga vidole kwenye meza yenye unga,
nane kwa nane, kila mshororo,
na ukipunja mizani moja hakusema umekosea.
Alisema "guni," akaendelea kukanda.

Miaka sita nimechechemea
nikiuomba radhi mfupa uliosagika.
Mfupa umetolewa, umetupwa,
mimi bado naomba radhi.

"Nipe tena," nikamwambia.
Safari hii nilihesabu kimoyomoyo, kisigino kwa kisigino:
Mguu kanyaga chini, maumivu yamekwi
na mguu ukainuka kabla ya *sha*.
Ishbel akacheka bila kujua nini, akaandika namba.

Nje kunanyesha ile mvua isiyo na matone.
Hilltown bado ni mlima.
Nikaupanda nikikariri, watu wakinipita na mifuko yao,
na mbele ya duka la mikate nikajikuta nimeshika ukuta.
Si kwa maumivu. Kwa mazoea.
Nikauachia.