Faili la Twiga

Jumamosi ya kwanza ya Januari, Mtaa wa Accra,
duka limejaa wazazi hadi mlangoni,
orodha mikononi kama hati za kuitwa kortini.
Mimi nimechutama mbele ya rafu ya mafaili.
Nafungua pete, nafunga. Tak.
Nafungua, nafunga. Tak.

"Mzee, unanunua ama unapiga ngoma?"
Abshir ameniuliza toka kaunta.
Nimemwambia asubiri.
Miaka kumi na tisa nagonga bati Kamukunji,
natengeneza masanduku ya watoto wa bweni.
Mimi sidanganywi na bawaba.

Hili la kwanza, pete zake hazikutani.
Nimeliinua kwenye mwanga wa dirisha
nikauona ufa, mwembamba, unapitisha ukucha.
Hapo ndipo karatasi hutorokea:
moja Februari, tatu Machi,
na mvua ya Aprili ikishuka Barabara ya Jogoo
(mwaka jana niliyaona haya kwa macho)
kazi yote ya muhula inaelea mtaroni,
ua la jakaranda lililokaushwa na kubandikwa,
ramani ya kaunti,
familia yetu kwa penseli za rangi,
mimi nikiwa wa kwanza kuzama.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Hawakusema daftari lenyewe likivunjika mgongo
habari ataleta nani.

La pili ni jeusi, zito, linatisha kidogo,
lakini ni kadibodi iliyovishwa karatasi,
na pembe zake zimeanza kuchanua likiwa bado dukani.
Mutinda atalisukuma chini ya dawati kwa kiatu.
Sibashiri. Namjua, nimemzaa.
La tatu lina ribiti mbili tu.
Nani alikaa akahesabu mbili akatosheka?
Hata sufuria ya chai ya kibandani
hupewa tatu kila mkono.

La nne, plastiki nene.
Nimelikunja, likarudi.
Nimelikunja tena, halikuacha alama nyeupe.
Pete zimening'ata kidole sawasawa.
Mia nne na hamsini.
Nimezihesabu noti mfukoni bila kuzitoa,
kwa vidole, kama kipofu,
kisha nikasema, "Mawili. Meusi."

Ndanu hajasema kitu tangu tuingie.
Amekumbatia lake kifuani:
twiga wa zambarau, amevaa miwani,
pete za kubahatisha, mia na ishirini.
"Hilo halifiki Juni," nimemwambia.
"Najua," akasema.
Hakulirudisha.

Mwalimu Nafuna ameandika kwenye orodha
kwa herufi kubwa, FAILI IMARA,
akapiga mstari chini.
Hakuandika kwamba twiga wasije.

Sasa ni jioni, karakana iko nusu mlango,
nyundo za majirani zimenyamaza moja moja.
Nimemng'oa twiga pete zake kwa koleo.
Nimemtoboa mgongo, samahani, mnyama,
nikampigilia zile za faili langu la kijivu,
lililotunza stakabadhi za wadeni wangu
tangu Ndanu hajazaliwa.
Ribiti nne. Pembe nimezivika bati,
nikazipiga msasa zisimkate mtu.
Madeni nimeyafunga kwa kamba ya katani;
hayo hayajawahi kukimbilia popote.

Ndanu amefungua, amefunga. Tak.
Ameliinua kwenye balbu, jicho moja amelifumba,
kama alivyoniona dukani.
Hakuna ufa.
Amelipima uzito, akanitazama.
"Na likijaa?"

Hilo sikuwa nimelipima.