Ndoo

Kwenye fomu ya uhamiaji, pale penye neno *kazi*,
kijana wa dirisha la pili akaandika: mke wa Ambakisye.
Hakuniuliza. Nami sikumwambia
kwamba nimefundisha Kiswahili miaka tisa Tukuyu,
kidato cha tatu na cha nne, kalamu nyekundu sikioni,
ukungu ukiingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa.

Tudor, ghorofa ya tatu. Sweta za watoto
zimeota kuvu ndani ya sanduku.
Ambakisye huondoka alfajiri kwenda kwenye winchi zake Kilindini,
hurudi ananuka grisi, amechoka kusema Kiingereza.
Mchana ni wangu na wa Atupele, vipele vya joto shingoni,
na feni inayotikisa kichwa
kukataa jambo ambalo haikuulizwa.

Mama hupiga simu. "Mvua imenyesha?"
Kwetu hilo si swali, ni salamu.
Nasema imenyesha. Haijanyesha.
"Na maziwa mnapata?"
Tunapata, ya pakiti.
Akinyamaza najua anapigia hesabu salio.

Siku ya kumi na moja, mabomba makavu tangu Jumapili,
Bi Barke wa chini alikuwa barazani na wenziwe,
wanachagua mchele.
Akaniona ngazini, mtoto mgongoni, sijui niende wapi.
"Mbona wasimama pekeyo, mwanangu? Ndoo!
Ndoo uteke nasi!"

Nikapanda mbio. Moyo ulinidunda kwa shukrani:
jirani ana kisima, jirani kanikumbuka.
Nikashuka na ndoo mbili,
ile ya bluu na ile ya kumwogeshea mtoto.
"Shikamooni. Nitekee wapi?"

Kimya.
Kisha yule mwenye ungo akauweka chini taratibu,
akajifunika uso kwa leso,
na mabega yakaanza.

Ndoo, kwao, ni njoo.
Kuteka ni kucheka.
Naapa nililifundisha hilo! Lahaja za Kiswahili:
Kimvita, taja mifano mitatu, alama tatu.
Nimewanyima watoto wa watu alama kwa mifano hiyo hiyo,
na siku Kimvita kilipotoka kinywani mwa mtu
mimi nikaleta vyombo.

Nilitaka kulia. Kilichotoka kilikuwa kicheko,
kibaya, cha puani. Nikaipindua ndoo ya bluu, nikaikalia.
"Waitwa nani?"
Tusekile.
"Na maanaye?"
Kwa Kinyakyusa, nikasema, ni tumecheka.
Wakaanza upya.

Sisemi mji umekuwa wangu.
Bado nachemsha viazi bila nazi, nakula nimesimama jikoni.
Bado usiku, jasho likinitoka, nasikia mvua
kwenye bati ambalo haliko juu yangu.
Bi Barke alimpa Lusajo mkono aubusu,
yeye akautikisa kama mwenyekiti wa kijiji.
Wiki iliyofuata aliubusu, bila kunitazama,
na kitu kidogo kikanichoma. Sikukipa jina.

Jana alirudi shule na soksi moja, akatupa mkoba.
"Mama, nna ndaa."

Mkono ukapanda wenyewe sikioni, kutafuta kalamu.
Njaa, Lusajo. *Nja.* Sema tena.
Sikusema.
Mbaazi zilikuwa jikoni, za nazi, alivyonielekeza Bi Barke,
zimeshika chini kidogo.

"Ndoo," nikamwambia. "Ndoo ule."