Barua Yenye Nembo

Mimi ndiye niliyeiandika,
ghorofa ya pili, hospitali ya Bragança,
kahawa imeacha duara juu ya kalenda:
"Kwa mujibu wa kanuni husika, mgonjwa anaarifiwa kwamba
asipothibitisha mahudhurio ndani ya siku kumi za kazi
itachukuliwa kuwa ameiachilia nafasi."
Nikagonga muhuri. Nikaenda kula.

Barua ikapanda mlima kwa pikipiki ya posta,
ikapita milozi, ikapita shule iliyofungwa,
ikamkuta Dona Deolinda anamenya viazi kwa kupapasa.
Husemwa macho hayana pazia.
Yake yalikuwa nalo: mtoto wa jicho,
mmoja kila upande, mapacha wasiolia,
na barua ilikuja kuyaita macho hayo
kwa njia ya macho hayohayo.

Lakini hata ukungu usingekuwapo,
alisoma miaka mitatu. Wa nne alipewa mbuzi.
Jina lake huliandika polepole,
kama anayetia kiraka soksi ya marehemu,
na neno "husika" hakulikuta malishoni.
Nembo aliitambua. Imevimba kidogo, vidole vinaijua:
ile ya karatasi iliyompeleka kaka yake vitani,
ile ya karatasi iliyosema kisima si chao.
Haijawahi kubisha hodi ikiwa na heri.
Akaikunja mara nne, akaiweka
ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo.

Kuuliza si ujinga, wasema waliosoma.

Mtaa uleule, mlango wa tano,
Daktari Abílio, daktari wa sheria, si wa watu,
alikuwa na mapacha walewale.
Barua yake ilisema asubiri hadi kiangazi.
Jumanne alipiga simu. Alitaka jina langu, herufi kwa herufi.
Alhamisi alipiga tena, akataja kifungu na aya yake.
Hakunitukana. Alijua tu mlango uko wapi
na kwamba mlango ni kitu cha kugongwa.
Siku ya kumi na moja nafasi ikapatikana.
Nilifurahi. Nilimwambia ana bahati.
Sikuuliza bahati ile imetoka kopo la nani.

Miezi kumi na minne.
Akaja, mkono umefungwa kwa kitambaa cha jikoni,
ngazi ya mwisho ya nyumba yake hakuiona.
Nikamsukumia fomu. Akaigeuza upande huu, upande ule.
"Miwani nimeisahau, mwanangu."

Sentensi hiyo naijua. Mama yangu aliibeba benki,
posta, hata siku ya harusi yangu,
naye hakuwahi kumiliki miwani.

Nikafungua kompyuta. Jina, tarehe,
na neno moja nililoliandika mwenyewe:
AMEACHILIA.

"Hukuwa na mtu wa kukusomea barua?"
Akacheka kidogo. "Yupo Daktari Abílio, mtu mwema.
Tangu apone macho, kila Jumapili hunisomea gazeti,
waliokufa kwanza, halafu bei ya zeituni."
"Basi si ungempa yeye."
Akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti yangu,
akakosea kidogo, akaiambia feni ya ukutani:
"Gazeti ni la watu wote. Barua ilikuwa yangu."

Foleni nyuma yake ikakohoa.
Nikazunguka kaunta, nikaburuta kiti,
nikaketi upande wake, kalamu mkononi.
"Jina?" nikamwuliza, kwa sauti ya chini,
kana kwamba silijui.